Siku Vyombo Vilipopanga Foleni Ukumbini

Bi Pampu alikuwa hasalimii mteja kabla ya saa mbili asubuhi. Hakuwa mgonjwa, wala hakuamka vibaya. Aliona tu kwamba mtu aliyekuja na chupa tupu mkononi ameshaeleza shida yake yote. Sasa hayo mambo ya umeamkaje na watoto hawajambo ni ya nini? Weka chupa chini, mstarini, nenda zako.

Na watu waliweka. Foleni ya pale haikuwa ya watu, ilikuwa ya vyombo. Dirisha likiwa bado limefungwa, ukuta mzima wa nje ulishapangwa: chupa za soda, kopo la rangi, galoni, madumu ya njano ya lita ishirini, na mbele kabisa, karibu kila siku, chupa ya dawa ya kikohozi ya bibi mmoja jirani aliyenunua kidogo kuliko wote na bado akadai aongezewe tone. Kila chombo kilisimama badala ya mwenyewe. Mwenyewe yuko kwake anafua, au yuko kibaruani, au karudi kulala. Hakuna aliyethubutu kusogeza chombo cha mwenzake. Fundi viatu mmoja aliwahi kujaribu, akarudi na kukuta kopo lake limebondwa katikati kama uso uliokutana na ngumi. Hakuna aliyeona nani kalibonda. Wote waliona tu kwamba Bi Pampu siku hiyo alikuwa anachechemea.

Pampu iliyompa jina ilikuwa ya chuma, ya mkono, imekazwa kwa nati kwenye sakafu ya chumba cha mbele. Juu yake kulikuwa na chupa kubwa mbili za kioo. Ukisukuma mpini mbele na nyuma, mafuta ya taa yanapanda kutoka kwenye tangi lililozikwa chini ya sakafu, yanajaa kwenye kioo cha kwanza hadi lita tano kamili, kisha yanashuka kwenye mpira huku kioo cha pili kikijaa. Watoto wa shule walisimama mlangoni kuyatazama yakipanda, meupe kama maji na yakiwa na povu la haraka juu, mpaka wafukuzwe. Kwa wenye vichupa alitumia vipimo vya bati: cha lita, cha nusu, cha robo.

Pampu ilikuwa ya marehemu mumewe. Nyumba ilikuwa ya ukoo wa marehemu mumewe. Na hapo ndipo uadui ulipoanzia, maana kwenye kikao cha matanga wazee wa ukoo walikata shauri ambalo waliliona la busara sana: mjane atakaa na chumba cha mbele maadamu pampu inafanya kazi. Siku ikinyamaza, chumba ni cha wifi yake, dada wa marehemu. Mjane atabaki na kile cha nyuma, kisicho na dirisha la barabarani.

Kwa hiyo wifi alihamia ng'ambo ya barabara, akafungua duka la mitungi ya gesi, na akaanza kusubiri.

Miaka sita alisubiri. Kila asubuhi aliipanga mitungi yake ya bluu juu ya meza, akaketi, akaitazama ile pampu kama paka anavyotazama shimo la panya. Bi Pampu naye hakuwa na haya. Akimwona mteja wake wa zamani anavuka barabara na mtungi mgongoni, humpigia kelele mbele za watu:

"Beba, mwanangu, beba! Siku ukikulipukia usitume mtu kwangu kuomba mchanga wa kuzimia moto!"

Kisha ikaja habari ya kodi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mafuta ya taa na dizeli ni kama ndugu wa tumbo moja. Yote yametokana na mafuta ghafi yaleyale, yote huletwa na meli kutoka mbali. Lakini dizeli serikali ilikuwa imeibebesha kodi mpaka mgongo umepinda, na mafuta ya taa ikayaachia yapite mikono mitupu, kwa kuwa ni ya maskini wa kibatari na jiko la tambi. Sasa chukua ndugu wawili wanaofanana, mmoja muuze bei ya suti na mwingine bei ya kiraka, halafu uombe Mungu watu wasiwachanganye. Walichanganya. Madereva wa malori walimimina mafuta ya taa kwenye matangi yao juu ya dizeli. Wengine wakauza mchanganyiko huo vituoni. Injini zilikohoa, zikafa. Kodi iliyotegemewa kujenga barabara ikavujia kwenye tundu hilo. Na serikali, iliyokuwa tayari imejisifu mbele ya dunia kwamba kila jiko litakuwa la gesi, ikaona dawa ni moja: mafuta ya taa yapandishwe kodi yalingane na dizeli. Ndugu wote wavae suti.

Kabla ya hapo, mamlaka ya bei ingesikiliza maoni ya wananchi kwenye ukumbi wa manispaa. Redio ilitangaza siku na saa.

Wifi alivuka barabara jioni ileile.

"Hodi, wifi."

"Hodi ya nini na umeshaingia?"

"Nimesikia redio. Nimekuja kukupa pole."

"Pole mpe aliyefiwa."

"Si ndiyo wewe?" Wifi alitembea taratibu kuzunguka pampu, akapima chumba kwa macho, kutoka dirishani hadi mlangoni. "Hapa mitungi mia itaingia. Nitaweka na meza ya majiko. Wifi yangu, dunia inahama. Usiwe kama kuku anayeatamia mayai viza."

"Ihame. Ila ikipita mlangoni kwangu itanikuta nimesimama. Hiyo gesi yako inatoka wapi, kwani? Inachimbwa jikoni kwa mama yako?"

"Inakuja kwa meli."

"Na mafuta yangu yanakuja kwa punda? Sote tunauza cha watu. Siku wenye meli wakigombana huko, wewe na mimi tutalia kilio kimoja, tena wewe kwa sauti, maana umekopa."

Wifi aliguna. Alikuwa amekopa kweli.

"Wanaopika kwa mafuta ya taa wamebaki wangapi?" aliuliza akiwa kizingitini. "Huwahesabu?"

"Foleni yangu inafika kwa fundi cherehani!"

"Naiona. Nakaa nikiiangalia kutwa." Akacheka kidogo, bila kuonyesha meno. "Wewe ndiye huioni."

Maneno hayo Bi Pampu aliyatema kama ganda la muwa. Lakini yalimpa wazo. Kama foleni yake ndiyo fahari yake, basi foleni na iende ikajitetee. Kesho yake, kila aliyekuja kuchukua chombo chake alipewa agizo badala ya salamu:

"Siku ya mkutano, njoo ukumbini na chombo chako unachonunulia. Kitupu. Usihutubie, hujui kuhutubia. Kipange mstarini kama hapa. Chombo chako kitakusemea."

Bibi wa chupa ya kikohozi alitingisha kichwa. "Mimi miguu yangu, mwanangu, mpaka huko mjini?"

"Panda gari."

"Nauli ya gari ndiyo mafuta yangu ya siku tatu."

Muuza maandazi alisema asubuhi ndiyo biashara yake. Dada wa kazi za ndani alisema bosi wake hatoi ruhusa hata ya kufiwa. Bi Pampu aliwaita wavivu, wote, na akamgeukia mtu aliyekuwa amekuja kuchukua madumu yake manne. Huyo walimwita Kiroboto, kwa kuwa hakukaa kwenye lori la tajiri mmoja zaidi ya miezi miwili.

"Mimi nitakuja, mama," Kiroboto alisema. "Tena nitakuletea watu. Tuna magari."

"Umeona?" Bi Pampu aliwaambia wale wengine. "Huyu ndiye mwenye uchungu."

Alijua Kiroboto anafanyia nini madumu yake? Alijua kama mtu anavyojua kwamba darini kuna panya: anawasikia, lakini hapandi ngazi kwenda kuwaangalia. Dumu ni dumu. Mpini ukisukumwa, kioo kinajaa, kinashuka, basi. Hakuna siku aliyomuuliza mteja anapikia nini.

Siku ya mkutano mlinzi wa ukumbi aligoma kwanza. Alisema hapa si kituo cha mafuta, na hata vitupu vinanuka. Bi Pampu alimwambia kwamba yeye mwenyewe ananuka soksi na hajafukuzwa kazi. Vyombo vikaingia. Vilipangwa kwenye ujia wa katikati, kimoja nyuma ya kingine, kutoka mlangoni kuelekea meza kuu, na Bi Pampu alikuwa kachelewa kwenye ubishi na mlinzi kiasi kwamba hakuuona mstari mpaka ulipokamilika.

Ulikuwa wa njano.

Dumu, dumu, dumu, dumu. Madumu arobaini na matatu, yamekaa mabega kwa mabega kama askari wenye matumbo. Mbele ya madumu hayo, karibu na meza, vilisimama vyombo saba vidogo: chupa mbili za soda, galoni moja, kopo la rangi, chupa tatu za maji. Pembeni mwa ukumbi madereva walikuwa wamejaa, wanatafuna vijiti vya meno, wanatafutana kwa macho na kucheka. Kina mama wenye chupa walikuwa saba tu, na mmoja wao alikuwa ameshaaga kwamba anawahi kazini.

Bi Pampu alitaka kupiga kelele madumu yaondolewe. Lakini watu wa meza kuu walikuwa wameshaingia.

Ofisa wa bei alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani na sauti ndogo, ile ya mwalimu ambaye hajawahi kuhitaji kiboko. Alisikiliza wawili watatu wakihutubia. Kisha akavua miwani, akashuka jukwaani na kuanza kutembea kando ya mstari, polepole, kama mtu anayekagua mabinti wa harusi. Alipita vile saba. Akasimama kwenye dumu la kwanza.

"Hili la nani?"

"Langu, mheshimiwa," alisema Kiroboto.

"Unanunua mafuta ya taa?"

"Ndiyo. Ya kupikia. Sisi wanyonge."

"Unapika nini?"

"Maharage."

Ukumbi ulicheka. Ofisa hakucheka. "Mko wangapi nyumbani?"

"Mimi na mke wangu."

"Dumu hili linakaa siku ngapi?"

Kiroboto aliangalia dari. "Siku… mbili?"

"Lita kumi kwa siku. Maharage ya watu wawili." Ofisa aliinama, akanusa mdomo wa dumu, akainuka. "Hayo maharage yana magurudumu mangapi?"

Sasa hata madereva walicheka. Kicheko kilizunguka ukumbi kikarudi, na Bi Pampu aliona uso wa wifi yake kwenye kiti cha nyuma kabisa. Wifi ndiye pekee aliyekuwa hacheki. Alikuwa anahesabu madumu kwa kidole.

Ofisa akarudi mbele. "Nimeambiwa foleni hii imeletwa na mama mwenye pampu. Uko wapi, mama?"

"Sijajificha."

"Kati ya vyombo hivi hamsini, vya jikoni ni vingapi?"

Angeweza kudanganya. Mdomo ulikuwa umeshafunguka tayari, na kwa kawaida kikishafunguka kinywa cha Bi Pampu hakikosi cha kusema. Lakini vyombo vilikuwa vimekaa pale, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema vitasema.

"Saba," alijibu.

"Asante, mama."

"Usinishukuru! Sijamaliza. Saba hao ni watu. Hiyo gesi mnayowaimbia inauzwa mtungi mzima. Inataka mtu awe tajiri siku moja ya mwezi, na hao hawajawahi kuwa tajiri hata saa moja. Mimi nawauzia robo. Nawauzia cha leo. Mkinifunga, cha leo watakipata kwa nani? Kwako?"

Ofisa aliandika kwa muda mrefu, mpaka watu wakadhani amekubali.

"Hoja yako ni ya kweli," alisema. "Lakini siwezi kuacha wazi lango la ng'ombe arobaini kwa sababu ya mbuzi saba."

"Basi waite mbuzi, usiwaite wananchi!" Bi Pampu alifoka, na mlinzi aliyenuka soksi akapata nafasi yake ya kumshika mkono na kumtoa nje.

Gazeti la kesho yake lilichapa picha ya mstari wa njano. Halikuandika kitu kuhusu robo lita.

Kodi ilipanda mwezi uliofuata. Na hapo ndipo Bi Pampu alipojifunza jambo ambalo angeweza kulijifunza miaka sita nyuma kwa kutazama nje ya dirisha lake. Madereva hawakupungua, walitoweka, wote, kwa siku moja. Mafuta ya taa yakiwa bei ya dizeli, nani mjinga wa kuyachanganya? Wenye vichupa wachache ndio waliobaki, wakinunua pungufu. Sasa shida ni kwamba lori la kampuni ya mafuta halikushusha mzigo chini ya lita elfu mbili. Alipopiga simu kuagiza mia tatu, kijana wa kampuni alimuuliza kama anataka apelekewe kwa kijiko.

Kumbe ndivyo ilivyokuwa siku zote. Wachakachuaji ndio waliokuwa wanalileta lori. Chupa ya bibi ilikuwa imepanda mgongoni mwa dumu la mwizi, na mwizi alipoondoka, chupa ikabaki chini.

Siku ya mwisho aliijua kwa kijiti cha kupimia tangi: kililowa ncha tu. Aliwaambia wenye vichupa waje wenyewe, si vyombo, maana mafuta hayatafika mwisho wa mstari na hataki ugomvi na makopo. Walikuja sita, na bibi wa saba. Ndio kwanza akaona wanavyomtazama.

"Ni wewe," alisema muuza maandazi. "Ungewaacha wezi wako huku, serikali isingewaona."

"Mimi?"

"Uliwapeleka kwa foleni! Ukawapanga!"

"Na nyinyi nilipowaita mlikuwa wapi?" Bi Pampu aliachia mpini. "Nilisema njooni! Nilisema leteni chupa! Zingekuwa chupa mia pale, yangeonekana madumu? Mmoja maandazi, mwingine bosi, mwingine miguu! Leo mna midomo!"

"Ningekula nini siku hiyo?" muuza maandazi aliuliza kwa sauti ya chini, na hilo Bi Pampu alilijibu kwa kusukuma mpini kwa nguvu zaidi.

Walikuwa bado wananuniana Kiroboto alipotokea. Vituo vya karibu vimeishiwa dizeli leo, alisema, na jenereta ya tajiri wake mpya haibagui, inakunywa chochote. Atachukua yote yaliyobaki, mara mbili ya bei.

"Mara mbili?"

"Mara mbili, mama yangu. Nakupenda, ndiyo maana."

Ile ilikuwa nauli, ilikuwa unga, ilikuwa siku mbili tatu zaidi za kukaa na kufikiri. Bi Pampu alimtazama Kiroboto kuanzia viatu hadi kofia.

"Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, tena mafuta yenyewe ni yangu," alisema. "Toka. Toka kabla sijakupima kichwa kwa hili bati."

Kiroboto alitoka akicheka, lakini alitoka haraka. Bi Pampu alipima. Robo, robo, robo. Hakuna aliyemshukuru na hakuna aliyetaka kushukuriwa. Kwenye chupa ya saba, ya bibi, kioo kilipiga mapovu, pampu ikavuta hewa kwa sauti ya mtu anayemaliza uji kwa fujo, na mpini ukawa mwepesi mkononi.

"Hujanijazia," bibi alisema.

"Nenda, bibi. Nenda tu."

Wifi alikuwa ameshafika mlangoni. Sauti ile ya hewa labda aliisikia kutoka ng'ambo, labda alikuwa akiisubiri kwa masikio miaka yote sita. Alinyoosha kiganja bila salamu, na Bi Pampu akaweka ufunguo juu yake, bila salamu vilevile, akabeba vipimo vyake vya bati na kwenda chumba cha nyuma.

Mitungi haikuingia. Wiki ile ile mkaguzi wa usalama, aliyeitwa na wifi mwenyewe aje kugonga muhuri, alipiga mguu sakafuni, akasikiliza, akauliza chini kuna nini. Tangi, aliambiwa. Akafunga kalamu yake. Gesi haihifadhiwi juu ya tangi la mafuta: ivunjwe sakafu, tangi lifukuliwe, udongo unaonuka uhamishwe, ndipo aitwe tena. Na mwezi huohuo huko mbali wenye meli waligombana kweli, bei ya mtungi ikaruka, na wateja wa wifi wakaanza kuonekana wamebeba mifuko ya makaa, nyuso zimegeuziwa upande wa pili. Pesa ya kufukua haikuwepo. Deni la mkopo ndilo lililokuwepo.

Chumba cha mbele kikakaa kitupu, kimefungwa, kinanuka.

Jioni moja walikutana kwenye korido, nyembamba kiasi kwamba mmoja lazima abane ubavu ukutani. Hakuna aliyebana.

"Unacheka?" wifi aliuliza.

"Bado," Bi Pampu alijibu. "Nataka kwanza nione wewe unalipaje."

"Tukifukua kwa pamoja, nusu kwa nusu, ningekupa kona ya kuuzia makaa."

"Makaa! Mimi?"

"Ndicho wanachonunua."

Bi Pampu alisikia moshi wa makaa wa jirani unavyoingia kwa chini ya mlango, akajua kwamba ni kweli na kwamba kesho au keshokutwa atalazimika kujibu. Akajipenyeza kwa nguvu, bega kwa bega, mpaka wifi akagonga ukuta.

"Kona gani?" aliuliza bila kugeuka. "Ya dirishani, au hata usinisemeshe."